Eti Mlima Mdogo

Kwa miaka mingi kinga yangu dhidi ya Milima ya Uluguru ilikuwa barabara. Mtu akinialika nikapande mlima Morogoro, nilikuwa naitikia kwa furaha zote, halafu naanza kumhesabia: foleni ya Kimara, malori ya Chalinze, mizani, vibao vya kilomita 50 kwa saa kila penye vibanda viwili vya nyanya, askari wa usalama barabarani nyuma ya mwembe. Kilomita 190 na ushee, saa nne ukiwa na bahati. Kwenda, kupanda, kushuka na kurudi Dar siku hiyohiyo? Haiwezekani, ndugu yangu. Itabidi tulale, na kulala ni gharama. Mwaliko ulikuwa unakufa kifo cha heshima na urafiki unabaki palepale.

Mwaka 2024 wakaleta treni ya umeme. Inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Unapanda Dar, unafungua chupa ya maji, unasinzia kidogo, uko Morogoro na saa mbili hazijaisha. Nchi nzima ilishangilia. Hakuna hata mmoja aliyesimama kuuliza hatima yetu sisi tuliokuwa tukiishi kwa visingizio.

Simu ilikuja mwishoni mwa Mei.

"Masika imekwisha," rafiki yangu alisema, kwa sauti ya mtu aliyeifungia kufuli mwenyewe. "Jumamosi ya kwanza ya Juni tunakwenda Lupanga. Tuwe wa kwanza msimu huu, kabla watu hawajaanza kujazana. Kamlima kadogo tu, kaka."

Nitamwita Bwana Afya. Zamani bwana afya alikuwa mtu wa serikali aliyepita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo na kutoza faini, na watu walijificha wakimwona. Huyu wangu hajawahi kukagua choo cha mtu, anakagua tumbo langu tu, lakini kujificha najificha vilevile. Mwaka jana daktari alimpima presha akatikisa kichwa, na tangu siku hiyo Ijumaa zetu zimeharibika. Mtu niliyekuwa nakaa naye mbele ya mishikaki hadi mwenye banda azime taa, sasa anakunywa maji ya uvuguvugu yenye ndimu na kunieleza habari za mafuta mabaya na mafuta mazuri. Daktari alimpima yeye. Dawa tumeandikiwa wote.

Tuanze na hilo la "kadogo". Katika nchi yenye Kilimanjaro mita 5,895 kila mlima mwingine ni mdogo, na hapo ndipo ujanja wenyewe ulipo. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku ya kwanza hapandi hata mita 900 kwenda juu. Anafika Mandara, anapewa chai na bisi, analala. Sasa mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kimepita 2,100. Hata ukitoa kipande ambacho bodaboda itakubali kukubeba, bado unapanda zaidi ya mtalii wa Marangu, halafu hakuna bisi wala kitanda. Unageuka unashuka mchana uleule kwa sababu kuna treni ya jioni. Nilimpa Bwana Afya hesabu hii kwa simu. Akaniambia nina mawazo hasi, na mawazo hasi nayo yanapandisha presha.

Stesheni alifika kabla yangu. Alikuwa amevaa suruali yenye zipu magotini, kofia yenye pazia la kufunika shingo, saa ya mkononi inayohesabu hatua, na begi lenye mrija unaozunguka begani hadi mdomoni ili mtu asipate tabu ya kuinua chupa. Mikononi alikuwa na fimbo mbili za kukunja. Mzee mmoja aliyeketi mbele yetu kwenye behewa alizitazama zile fimbo kwa huruma kuanzia Pugu. Tulipopita Ruvu akashindwa kuvumilia.

"Pole sana, mwanangu. Ulivunjika lini?"

Hicho ndicho kipande cha safari nilichokifurahia kuliko vyote, nami nakitunza.

Morogoro wenyewe huuita mji kasoro bahari, maana yake vingine vyote vipo. Ukishuka stesheni Kihonda unaiona milima imesimama nyuma ya mji, na asubuhi ile ilikuwa imejifunika mawingu kuanzia kiunoni kwenda juu. Nilimwonyesha Bwana Afya. Akasema mawingu yatapanda jua likitoka. Nikamuuliza sisi tunakwenda wapi kama siyo hukohuko mawingu yanakopanda. Hakunijibu, alikuwa anaiwasha saa.

Bodaboda zilitufikisha pale nyumba zinapoishia na mihogo inapoanza. Dereva wangu akazima pikipiki, akautazama mteremko, akasema, "Hapa ndiyo mwisho, mzee, chombo hakipandi." Injini ilikuwa na busara zake. Kijana wa kutuongoza alikuwa akitusubiri kwenye jiwe, amevaa gambuti na sweta, panga mkononi. Akatupima kwa macho kutoka juu hadi chini, kisha akatoa uamuzi wake kwa neno moja.

"Shikamooni."

Katika sehemu nyingi shikamoo ni heshima. Kwenye mguu wa mlima, kutoka kwa mtu aliyelipwa ili akufikishe juu, ni taarifa ya kitaalamu.

Kuhusu kulipwa niseme kidogo, maana bado linaniuma. Kilele cha Lupanga kimo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, na huko haingii mtu bila kibali, na kibali kinalipiwa. Sawa, msitu lazima utunzwe. Lakini karne ya 19 misafara ya kwenda bara ilipita chini ya milima hiihii, na wapagazi waliotoa jasho walikuwa wakilipwa ujira. Mimi nilitoa jasho na nikatoa na hela. Stanley naye alipita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Alikuwa na wapagazi, punda, vitambaa na shanga za kutosha, na alikuwa na nia ya kufika Ujiji kwa miguu. Mtu wa namna hiyo, ambaye umbali haumtishi, aliitazama Uluguru kutoka chini, akaisifu, akaendelea na safari yake. Watu waliotembea mpaka Ziwa Tanganyika hawakuona sababu ya kupanda Lupanga.

Sasa hii habari ya kuwa wa kwanza msimu. Mtu wa mjini akisikia "masika imekwisha" anadhani kuna mtu kule juu amefunga bomba. Uluguru haina habari na kalenda. Pepo zinatoka Bahari ya Hindi zimebeba maji, mlima wa kwanza mrefu zinaoukuta ndio huu, zinautua mzigo wote hapo; upande wa mashariki ndiyo kabisa, mvua haikauki mwaka mzima. Sisi tulikuwa upande wa mjini, ulio mkavu zaidi, na huo ukavu ulinifika hadi kwenye vifundo vya miguu. Udongo mwekundu uliokunywa mvua tangu Machi ulikuwa bado haujaamua kuwa njia. Nilikuwa nikipanda hatua mbili natelezeshwa moja, na ile saa ya Bwana Afya, nilikuja kugundua, inahesabu zote tatu.

Tena anayetangulia msimu ndiye anayefungua njia. Miezi mitatu ya mvua hakuna mtu aliyepita na majani hayakupoteza nafasi. Kijana alikuwa mbele akifyeka, shwaa, shwaa, sisi nyuma tukikwepa yanayorudi. Kufikia Agosti vikundi vya watu wenye akili vitapita pale njia nyeupe, kavu, wakipiga picha, bila kujua kwamba imefunguliwa na watu wawili wenye vitambi waliolipa kibali. Upupu ulikuwa umeanza kukauka kandokando ya mashamba, na mwenye kuufahamu upupu uliokauka anajua kwamba hauhitaji kuguswa, upepo tu unatosha. Bwana Afya aliuegemea. Zile fimbo mbili za kisasa zikapata kazi ya kumkuna mgongoni kwa nusu saa nzima, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, nilipumzika.

Tukiwa hapo ndipo alipotokea yule bibi.

Alikuwa anashuka. Kichwani tenga la njegere, juu ya tenga mkungu wa ndizi, miguuni kandambili. Hakuwa ameshika chochote. Mikono ilikuwa huru, mmoja ukirekebisha kanga. Palepale nilipokuwa nimekaa nikishikilia mzizi kwa mikono miwili, yeye alisimama wima kutusalimu.

"Poleni, wanangu. Mnakwenda wapi?"

"Lupanga, bibi," nikasema.

"Mna shamba huko?"

"Hapana."

"Hata la upande wa mama?" Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi nyingi kule ni ya ukoo, kwa hiyo swali lilikuwa na mantiki, alikuwa ananitafutia uhalali.

"Hata la upande wa mama, bibi."

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana."

"Mmepotelewa na kitu?"

Bwana Afya akaacha kujikuna, akadakia. "Tunakwenda tu, bibi. Tunapanda, tukifika tunashuka. Ni kwa ajili ya afya."

Bibi alimtazama, akautazama mlima, akamtazama kijana wa panga kwa namna ya kumuuliza kama ndugu za hawa wanajua walipo. Akasema poleni kwa mara ya pili, pole tofauti kabisa na ile ya kwanza, akaendelea kushuka. Hakutazama chini hata mara moja.

Nimesoma hoja nyingi dhidi ya mazoezi, nyingi nikiwa nimezitafuta mwenyewe, lakini sijawahi kukutana na iliyopangwa vizuri kuliko maswali ya bibi yule. Watu wa Uluguru wanapanda na kushuka kila siku ya Mungu. Wanapanda na mbolea, wanashuka na kabichi, karoti na stroberi ambazo sisi Dar tunazinunua bila kufikiri zimepita wapi. Hakuna hata mmoja anayeita shughuli hiyo mazoezi. Ukimwambia mtu wa huko kwamba kuna watu wanapanda bila mzigo wala shamba, na kwamba mmoja wao amenunua fimbo mbili dukani ndani ya nchi yenye miti, huna budi kumsubiri amalize kucheka.

Juu zaidi mlima ukakata mteremko kabisa, ukawa ukuta. Hapo nikaikumbuka historia. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao ya mlimani ili kuzuia mmomonyoko. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na mazao hayakuonekana kuwa na shukrani. Mwaka 1955 wakakataa katakata, ghasia zikazuka, na mradi ukafa. Tangu nilipoisoma habari hiyo nimekuwa upande wao, na niko upande wao hata leo. Ila Jumamosi ile, kati ya saa nne na saa sita, nilitamani wangebakiza ngazi chache tu, hapohapo nilipokuwa nimening'inia.

Mashamba yaliisha, msitu ukatufunika. Nitasema ukweli hata kama unadhoofisha malalamiko yangu: ni msitu wa ajabu. Miti imevaa kuvumwani toka mizizi hadi matawi, ukungu unapita katikati yake polepole, na kila jani linadondosha tone. Kijana alisimama akatuonyesha ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, akasema huyo ni chozi ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye safu hii ya Uluguru. Wataalamu wanamwita chozi wa Loveridge. Nikamtazama kwa heshima. Kiumbe mwenye mabawa, anayeweza kwenda atakako, amechagua kuishi hapa juu kwenye baridi na matope na haombi kibali kwa mtu. Bwana Afya hakumwona. Alikuwa anasoma mapigo ya moyo wake kwa sauti, kama mtangazaji wa bei za mazao, na bei ilikuwa inapanda.

Maji yanachuruzika kila upande, na maji hayo yanateremka yakaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Nilikuwa nimesimama hadi vifundoni ndani ya maji ambayo bombani kwangu sijayaona tangu Jumanne. Nikafikiria kujaza ndoo.

Kisha siafu. Kuhusu siafu sitaki kuongeza chumvi, kwa hiyo nitasema tu kwamba walikuwepo, kwamba njia ilikuwa yao kabla ya kuwa yetu, na kwamba watu wawili wazima wenye wake na madaraka makazini walivua suruali mbele ya kijana aliyewaamkia shikamoo asubuhi. Zile zipu za magotini hazikusaidia kitu. Siafu hawaishii magotini.

Kilele tulikifikia kama saa saba. Najua tulikifikia kwa sababu kijana alisimama akasema, "Hapa ndiyo juu." Nikatazama kulia: miti. Kushoto: miti. Mbele miti, nyuma miti niliyotoka kuipita. Nikamuuliza mandhari iko wapi. Akanijibu kwa upole kwamba kilele cha Lupanga kina msitu, mandhari ilikuwa njiani, huko chini, pale tulipotoka kwenye mashamba. Siku isiyo na ukungu pale mtu anauona mji wote na bwawa la Mindu.

"Tulipapita?"

"Tulipapita, mzee. Ulikuwa umeinama."

Bwana Afya alikuwa amekaa kwenye gogo amefumba macho, anasema anasikiliza ukimya. Nilimfahamisha kwamba ukimya tunao hata Kigamboni. Tukafungua chakula. Mimi mama watoto alinifungia chapati nne na maharage ya nazi. Yeye alikuwa na karanga ndani ya mfuko wenye kuandikwa virutubisho, tango, na yai moja. Akazitazama chapati zangu kwa muda mrefu. Akasema ngano iliyokobolewa ni sumu. Kijana akala sumu mbili, mimi nikala moja, na ile ya nne iliyeyuka nilipogeuka kufunga kamba ya kiatu. Kwenye sharubu za mtu fulani kulikuwa na maharage. Presha ni yake, sikusema kitu.

Watu husema kushuka ni rahisi. Watu hao wana magoti ya kuazima. Kwenye kupanda mlima unakuchosha pumzi, na pumzi hurudi ukikaa chini. Kwenye kushuka unakuchosha viungo ambavyo ulikuwa hujui kama unavyo, halafu kila ukikaa chini unaendelea kwenda. Sehemu kubwa ya kurudi niliifanya kwa kikalio. Njia ni ya haraka na sikuona aibu, suruali ilikuwa imeshakufa asubuhi. Zile fimbo, ambazo Bwana Afya aliniambia zinapunguza uzito magotini, moja ilijikunja yenyewe penye mteremko mkali na kumpeleka kwenye shamba la watu la maharage, ambako aliwasili kwa kichwa.

Tulikuwa bado hatujafika kwenye mihogo nilipoona kanga ninayoijua inapanda. Bibi alikuwa amekwenda sokoni kwa Chifu Kingalu, ameuza njegere, ameuza ndizi, amenunua kiroba cha unga na dumu la mafuta, na sasa anarudi nyumbani navyo vikiwa kichwani. Alitupisha kwa adabu.

"He! Bado mpo?"

Bwana Afya akaizima saa.

Chini, nyumba ya kwanza ina kibanda cha chai. Tuliagiza chai ya tangawizi na mihogo ya kukaanga, na sikumsikia mtu akitaja mafuta mabaya. Nilikuwa natafuta namna ya kuinuka bila kusaidiwa wakati kijana, akihesabu hela yake, aliponiambia kwa nia njema kabisa:

"Ila mzee, siku nyingine mkitaka mandhari nzuri nendeni Morningside. Kuna nyumba ya zamani ya Wajerumani, kuna maporomoko ya maji, mji unauona wote. Na kiangazi kikikolea, gari yenye kuvuta magurudumu yote manne inafika."

"Inafika wapi?"

"Hapohapo. Mnashukia kwenye nyumba."

Nilimgeukia Bwana Afya. "Ulikuwa unajua?"

Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Nikarudi kwa kijana, nikamwomba namba ya mwenye gari.